Kufumbua Mafumbo ya Maneno juu ya Waandishi na Wanahistoria

Miongoni mwa mazoezi ambayo wanachuo hupenda kuyaingiza katika maandalio yao ya somo, fumbo la maneno halikosekani. Halina gharama: ubao, chaki na rula ya mbao vyatosha. Katika shule za Mbagala, Tandika au Tandale, ambako darasa moja huweza kuwa na watoto wengi kuliko nafasi za madawati, na kitabu kimoja kikainamiwa na vichwa vinne au vitano, zoezi lisilodai nakala kwa kila mtoto ni neema. Hata hivyo, katika kukagua mafumbo yaliyotungwa na wanachuo, na yale niliyoyatunga mwenyewe, nimetambua kwamba wengi wetu twajua kulichora fumbo kuliko tunavyojua kulifumbua. Makala haya yanahusu aina moja tu ya fumbo hilo, yaani lile linalouliza majina ya waandishi na wanahistoria, kwa kuwa hapo ndipo uzembe mdogo wa mwalimu humfikia mtoto kwa sura ya elimu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimemtungia mwanachuo mmoja fumbo la kutumia katika Darasa la Sita, katika shule mojawapo ya Temeke. Kidokezo cha tatu kilisema hivi: "Mwandishi wa Mabepari wa Venisi (7)". Jibu nililolikusudia lilikuwa NYERERE. Mwanachuo alinakili fumbo ubaoni kama lilivyo. Watoto waliokuwa na herufi mbili tatu kutoka maneno mengine walilipata jibu bila taabu. Binti mmoja aliviacha visanduku vyote saba vitupu, na pembeni mwa daftari akaandika SHAKESPEARE. Akatiwa alama ya kosa. Aliposimama kuuliza, alisema kwa adabu: "Samahani, mwalimu. Kaka anacho kile kitabu nyumbani. Mwenyewe ni Shakespeare, Mwalimu Nyerere amekifasiri tu." Mwanachuo wangu alimjibu kwa hoja iliyomwonekea kuwa ni madhubuti, kwamba visanduku ni saba na jina lile lina herufi kumi na moja. Mtoto akaketi.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa na karatasi yangu ya ukaguzi. Nilijua mara moja kwamba binti yule alikuwa sahihi na kwamba aliyekosea ni mimi. Mchezo huo ulitungwa na Shakespeare. Mwalimu Nyerere aliufasiri, na tafsiri yake ilichapishwa mwaka 1969, baada ya ile ya Juliasi Kaizari iliyotoka mwaka 1963. Visanduku saba vilikuwa vimeshuhudia uongo, na mtoto aliyesema kweli alipoteza alama. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasisitizia wanachuo kwamba idadi ya visanduku haithibitishi neno lolote. Huthibitisha tu kwamba jina fulani laenea mahali fulani.

Yafaa kujua kwamba hatari hii imo ndani ya mchezo wenyewe tangu asili yake. Fumbo la kwanza la namna hii lilichapishwa katika gazeti la New York World, toleo la Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1913, na mtungaji wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Lilikuwa na umbo la almasi. Mchezo ulienea upesi Marekani na Uingereza, na kwa kuwa watungaji huhitaji majina mafupi yenye irabu nyingi, wakajitokeza wanahistoria ambao umaarufu wao magazetini watokana na ufupi wa majina yao. Mzoefu wa mafumbo ya Kiingereza akiulizwa "mwanahistoria, herufi nne", mkono wake huandika BEDE au LIVY kabla hajafikiri. Huenda asijue kwamba Bede alikuwa mtawa wa Kiingereza aliyemaliza historia ya kanisa la nchi yake mwaka 731, wala kwamba Livy aliandika historia ya Roma tangu kuanzishwa kwake. Jina limebaki, mtu ametoweka. Hatuna sababu ya kuwapa watoto wetu ugonjwa huo huo kwa majina ya Shaaban Robert na Kimambo.

Sisi tuna bahati ya kuwa na desturi ya kale inayokaribiana na mchezo huu. Mtoto aliyekua akisikia "Kitendawili!" na kuitikia "Tega!" amekwisha kujua kwamba maneno machache huweza kubeba kitu kizima, na kwamba mtegaji lazima awe na jibu linalostahili. Lakini tofauti moja ni kubwa. Jibu la kitendawili limekubaliwa na jamii, na kama hulijui, watoa mji ukaambiwa. Jibu la kidokezo juu ya mwandishi limo katika kitabu, na kitabu chaweza kumshtaki mtegaji.

Sasa tuingie katika ufumbuaji wenyewe. Kiswahili humpa mfumbuaji misaada ambayo Kiingereza hakimpi, na wanachuo wengi huipita bila kuiona. Wa kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Kidokezo kinachoanza kwa "Alitunga..." chataka mtu. "Kilichapishwa mwaka 1951..." chataka kitabu, na hapo mtoto aliyesikia habari za Shaaban Robert ataihesabu KUSADIKIKA na kuona visanduku kumi vimejaa. "Ilichapishwa..." huelekeza kwenye riwaya au tamthilia, "lilitungwa" kwenye shairi, na "ulitungwa" kwenye utenzi au wimbo. Kiambishi kimoja tu kimepunguza nusu ya kazi. Mwalimu akiwafundisha watoto kupigia mstari viambishi vya kidokezo kabla ya kutafuta jibu, atakuwa amefundisha ngeli na fasihi kwa kipindi kimoja.

Lakini kiambishi hicho hicho chaficha jambo. A- ya nafsi ya tatu haisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Nimewahi kutoa kidokezo hiki: "Alimwachia binti yake mawaidha kwa utenzi (11)". Makundi yote sita yalitafuta jina la mwanamume. Mojawapo lilianza hata kuandika "bin". Jibu ni MWANAKUPONA, yaani Mwana Kupona binti Msham wa Pate, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858. Sikuwalaumu watoto. Nilijiuliza ni mara ngapi sisi wakufunzi tumemtaja Mwana Kupona au Penina Muhando darasani ukilinganisha na wenzao wanaume.

Msaada wa pili ni irabu. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu, hivyo kisanduku cha mwisho cha neno la kawaida hakina budi kuwa na A, E, I, O au U. Majina ya watu ndiyo yavunjayo kanuni hii: ROBERT, HUSSEIN, GURNAH. Kwa hiyo konsonanti ikijitokeza katika kisanduku cha mwisho, mfumbuaji ajue kwamba aghalabu anatafuta jina la mtu, na pengine mtu mwenye jina la kigeni. Hapa pia yafaa kuweka kanuni wazi mapema, kwamba kila kisanduku hubeba herufi moja. Watoto wadogo huona NY na SH kuwa kitu kimoja, nao wana haki kwa upande wa sauti. Kwa Darasa la Pili mimi huona ni bora kutumia silabi badala ya herufi: KI-TE-RE-ZA ina visanduku vinne, NYE-RE-RE vitatu, na majina hayo hukutana vizuri katika RE.

Hebu tutazame fumbo dogo ambalo nimelitumia mara kadhaa kwa Darasa la Sita na la Saba. Lina maneno matano tu. Nalichapa hapa likiwa limekwisha jazwa ili msomaji afuate maelezo. Nukta zasimama badala ya visanduku vyeusi.

K I T E R E Z A
U . . . O . . B
L . . . D . . E
I . . . N . . D
. . U T E N Z I
. . . . Y . . .

Vidokezo vya mlalo ni viwili. Namba 1: "Aliandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere, kisha akaifasiri mwenyewe (8)". Namba 4: "Hemedi bin Abdallah alitunga mmoja juu ya vita vya Wajerumani katika Mrima (6)". Vya wima ni vitatu. Namba 1: "Riwaya ya Adam Shafi juu ya mbeba mizigo wa bandarini (4)". Namba 2: "Mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (6)". Namba 3: "Aliandika Sheria za Kutunga Mashairi, aliwahi kuwa Meya wa Dar es Salaam (5)".

Mwalimu asiwaanzishe watoto kwa namba 1 ya mlalo kwa sababu tu ndiyo ya kwanza. Mfumbuaji hodari huanzia pale anapojua. Katika shule za Temeke, zilizo jirani na Kurasini na bandari, neno KULI hupatikana kabla chaki haijakauka mkononi, maana wapo watoto wenye babu waliofanya kazi hiyo. Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1979, nayo yahusu wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Kwa KULI tumepata K ya mwanzo wa namba 1 ya mlalo. Jina la Aniceti Kitereza wa Ukerewe si rahisi kwa watoto, hivyo mwalimu awe amelisimulia katika kipindi kilichotangulia: jinsi alivyomaliza kazi yake mwaka 1945, ikakaa miaka mingi bila mchapishaji, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Mtoto aliyesikia kisa hicho haisahau K ile.

Namba 4 ya mlalo ndiyo ninayoipenda zaidi. Karibu kila mara kundi moja huandika SHAIRI. Lina herufi sita na laishia kwa I, na ile I hukubaliana na I ya mwisho wa ABEDI. Mtoto huona amefaulu. Hapo mwalimu asiseme "umekosa". Amwombe asome tena kidokezo kwa sauti: "alitunga mmoja". Shairi ni moja, sio mmoja. Nimeona darasa zima likicheka lenyewe kwa kugundua kwamba sarufi waliyoiona kuwa ni adhabu ya asubuhi ndiyo iliyofungua mlango. Ni UTENZI, na vita vyenyewe ni vile vya mwaka 1888 na 1889 ambavyo watoto huvisoma kwa jina la Abushiri.

Namba 2 ya wima ina kisa chake. Nilipoitunga mara ya kwanza niliandika tu: "Mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (6)". Niliwapa wakufunzi wenzangu walijaribu wakati wa chai. Mmoja akaandika RODNEY, mwingine RANGER. Nilimwambia huyu wa pili aangalie herufi zinazokatiza, kwa imani kwamba zitamrudi. Hazikumrudi. R ya KITEREZA ni herufi ya kwanza ya majina yote mawili, na E ya UTENZI ni ya tano katika yote mawili. Terence Ranger alikuwa profesa wa kwanza wa historia pale Mlimani, akafundisha tangu mwaka 1963 hadi 1969. Walter Rodney alifundisha huko kwa vipindi viwili kati ya mwaka 1966 na 1974, na kitabu chake mashuhuri cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972 huko London na hapa Dar es Salaam. Na John Iliffe, mwenye historia ya Tanganyika ya mwaka 1979, naye ni herufi sita, ijapokuwa yeye herufi zinazokatiza zingemkataa. Maneno mawili tu, "wa Guyana", yaliondoa utata wote. Mwanachuo na ajifunze hapa kwamba herufi zinazokatiza haziwezi kukiponya kidokezo kilicholegea.

Hili latuleta kwenye maneno tunayoyatumia kuwataja wenye kazi. Mwandishi, mtunzi, mfasiri, mhariri, msimulizi na mkusanyaji si visawe. Tuchukue kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa mwaka 1903. Jalada lilibeba jina la Carl Velten, Mjerumani. Maandishi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin. Ukiuliza "mwandishi, herufi sita" umemwondoa Mtoro katika kitabu chake kwa mara ya pili. Vivyo hivyo kwa Peponi, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 2022: mwandishi ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, mfasiri ni Ida Hadjivayanis. Wote wawili wafaa kuwa majibu, kila mmoja kwa kidokezo chake.

Kuna pia utata wa historia na sanaa. KINJEKETILE, herufi kumi na moja, ni jina la mtu wa Ngarambe aliyehusika na mwanzo wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905 na kunyongwa na Wajerumani mwaka huo huo. Ni jina pia la tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Yanayosemwa na mhusika jukwaani ni maneno ya mwandishi. Mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili asimtungie mtoto kidokezo kutokana na mazungumzo ya tamthilia kana kwamba ni hati ya mwaka 1905.

Tahajia ya majina sitaisema sana, ila mtungaji awe na jalada mkononi. Mtungaji wa visa vya Bwana Msa huandikwa ABDULLA, herufi saba. Mwenye haraka ataandika Abdallah na kuongeza kisanduku. Na "mwandishi wa riwaya wa Zanzibar, MOHAMED (7)" ni watu wawili angalau: Mohamed Suleiman Mohamed wa Nyota ya Rehema na Said Ahmed Mohamed wa Utengano.

Kuhusu uendeshaji wa darasa kubwa, mimi hugawa watoto katika makundi kwa mistari ya madawati walivyoketi, bila kuhamisha kitu, maana kuhamisha watoto tisini hula robo ya kipindi. Kila kundi hupewa kidokezo kimoja, sio fumbo zima. Sharti ni moja: hakuna neno linaloandikwa ubaoni mpaka mwakilishi wa kundi atamke sentensi kamili yenye ushahidi. Asiseme "Ni Abedi". Aseme "Ni Abedi, kwa sababu Sheikh Kaluta Amri Abedi aliandika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha mwaka 1954". Kundi jingine laruhusiwa kupinga. Mara nyingi upinzani huchukua muda kuliko kujaza, na mwanachuo mwenye hofu ya mkaguzi hutaka kuukatiza. Mimi nikiwa mkaguzi, hapo ndipo ninapoanza kuandika alama nzuri.

Kipindi cha pili hugeuza kazi. Mwalimu hufuta vidokezo na kuacha majibu, kisha watoto hutunga vidokezo vyao. Kwa RODNEY kundi moja liliandika: "Alifundisha Mlimani, akauawa kwao mwaka 1980 (6)". Sentensi hiyo ni fupi kuliko yangu na ina habari zaidi. Kwa KULI mvulana mmoja wa Mtoni aliandika: "Kazi ya babu kabla ya makontena (4)". Mwanachuo aliuliza kama akubali, kwa kuwa riwaya haikutajwa. Nilimwambia akubali, ila amwulize mtoto ni babu yupi, wa nyumbani au wa kitabuni. Mtoto akajibu kwamba ni wa nyumbani, lakini wa kitabuni naye alifanya hiyo hiyo.

Tukamrudie sasa yule binti wa Darasa la Sita. Kipindi kilipokwisha nilimwomba mwanachuo wangu anikopeshe daftari lile, nikafuta alama ya kosa mbele ya darasa na kueleza kwamba kidokezo kilikuwa changu na kilikuwa kibovu. Kisha tukakiandika upya ubaoni: "Alifasiri Mabepari wa Venisi (7)". Binti alijaza NYERERE bila kusita. Akaomba chaki, akapanda juu kutoka ile E ya kwanza, akachora visanduku vingine kumi pamoja na kile kilichokuwapo, na kwa jibu hilo akatunga kidokezo chake mwenyewe: "Mwenye mchezo (11)". Nilimwambia akirefushe kidogo, kwani michezo ina wenyewe wengi.